Kabla ya kulipa ada ya Ironman, tazameni mwezi na upepo

Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo ulichapisha ratiba ya wiki 12 kwa anayetaka kushiriki triathloni ndefu iitwayo Ironman, ile ya kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180 na kumalizia kwa mbio za kilomita 42.2. Ratiba yenyewe si ya kubeza. Ila imeandikiwa mtu mwenye bwawa karibu na kazini, barabara yenye njia ya baiskeli, na majira ya baridi ya kupumzikia. Mtu huyo hakai Kisauni wala Likoni. Isitoshe, wiki 12 hizo ni za mtu ambaye tayari ana miaka miwili mitatu ya mazoezi miguuni. Jambo hilo mliliweka chini kabisa kwa herufi ndogo, na vijana waliorushiana ukurasa huo kwenye simu wengi wao hawakufika huko chini.

Kwa mtu wa Mombasa, mazoezi hayaanzi na ratiba. Yanaanza na kuchagua shindano, na shindano huchaguliwa kwa kalenda ya hapa petu: kusi na kaskazi, yaani upepo wa kusini na wa kaskazini, bamvua na maji mafu, yaani siku bahari inapopanda na kushuka sana na siku inapobadilika kidogo, masika, na Ramadhani. Ada ya triathloni ndefu ni mamia ya dola na mara nyingi hairudishwi yote. Ukishalipa, tarehe ndiyo inayokuburuta wewe, hata kama wiki zako nzito zimeangukia mfungo au mafuriko ya Mei.

Ironman yenyewe ilizaliwa kisiwani. Mwaka 1978, Oahu huko Hawaii, waliunganisha mashindano matatu yaliyokuwapo kisiwani humo: ya kuogelea Waikiki, ya baiskeli ya kuzunguka kisiwa, ambayo umbali wake ulipunguzwa kidogo, na marathoni ya Honolulu. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Kwa hiyo zile kilomita zinazotutisha leo ni vipimo vya mahali pao. Nasi tupange kwa vipimo vya petu.

Kwanza hesabu ya muda, maana ndiyo inayomwambia mtu kama yuko tayari. Katika mashindano mengi ya umbali kamili, mshiriki hupewa saa 17 kwa jumla. Kuogelea kusizidi saa 2 na dakika 20, na baiskeli iwe imerudi kabla ya saa 10 na nusu tangu uingie majini. Ukiogelea kwa saa 1 na nusu na ukatumia dakika 10 kubadilisha nguo, umebakiwa na saa 8 na dakika 50 za kilomita 180. Hiyo ni zaidi kidogo ya kilomita 20 kwa saa, ukijumlisha kusimama msalani, pancha na kujaza chupa. Kisha una saa 6 na nusu za marathoni, yaani kama dakika 9 na sekunde 14 kwa kila kilomita. Ukilitazama hilo unaweza kucheka, kwa kuwa hiyo ni kasi ya mtu anayetembea kwa haraka. Usicheke. Wanaoshindwa kuifikia ni wengi, na miongoni mwao wamo waliokimbia marathoni chini ya saa 3 na nusu.

Hapo ndipo sisi Wakenya tunapojidanganya. Tunadhani miguu ya mbio itatuokoa. Katika mchezo huu mbio zinaanza mtu akiwa ameshafanya kazi saa 7 au 8, na kasi yake hapo inaamuliwa na alichokifanya juu ya kiti cha baiskeli. Aliyewapita wenzake kilomita 60 za mwanzo kwa kuwa alijisikia vizuri ndiye utakayemkuta kilomita ya 25 ya mbio akitembea, mikono kiunoni. Kutangulia si kufika.

Kuhusu miaka: moyo na mapafu hujibu mazoezi ndani ya wiki chache, lakini kano, mifupa na gegedu huchukua miezi. Ndiyo maana mtu akifika wiki ya 8 anajiona simba, anaongeza mbio, na wiki ya 10 anachechemea kwa maumivu ya muundi, au ya goti upande wa nje, au ya kano ya kisigino. Mwaka wa kwanza ungekuwa wa umbali mfupi: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, halafu ule wa Olimpiki, kilomita 1.5, 40 na 10. Saa 5 hadi 7 za mazoezi kwa wiki zinatosha. Mwaka wa pili ni nusu: kilomita 1.9, 90 na 21.1, kwa saa 7 hadi 10 za wiki. Umbali kamili uje mwaka wa tatu, saa 10 hadi 14 katika zile wiki nzito. Mwenye msingi wa marathoni anaweza kufupisha safari hii upande wa mbio, lakini upande wa maji hakuna njia ya mkato. Na anayefanya kazi ya zamu bandarini ahesabu saa alizonazo kweli, si zile anazotamani kuwa nazo.

Mpangilio wa ndani ya mwaka ni ule ule popote duniani. Wiki tatu za kupanda, moja ya kushuka: kwa mfano saa 9, 10, 11, kisha 6. Wanaoruka wiki ya kushuka kwa kuwa hawajachoka hawajui kwamba mwili hujengeka wakati wa kupumzika. Kazi nyingi, kama sehemu nne kati ya tano, iwe ya mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta. Shindano la shabaha liwe moja kwa mwaka, mawili yakizidi. Mengine yote ni ya kujifunzia, na huyapunguzii mazoezi zaidi ya siku mbili tatu. Baada ya umbali kamili, wiki 4 hadi 6 bila mazoezi makali.

Sasa kuchagua. La karibu nasi ni nusu ya Rubavu, Rwanda, ufukweni mwa Ziwa Kivu, ambayo ilianza 2022 na kwa kawaida hufanyika Agosti. Mkenya huingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na gharama ya safari ni nafuu kuliko ya mahali pengine. Lakini mwogeleaji wa Mombasa ajue mambo mawili. Kivu iko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mwendo ambao hapa Nyali ni wa mazungumzo, kule utakuvuta pumzi, anza taratibu. La pili ni kwamba maji ya ziwa ni matamu, na mwili hauelei humo kama katika chumvi. Mtu aliyezoea bahari ataona miguu inazama, nyonga zinashuka, na kila mita 100 inamla sekunde kadhaa zaidi. Dawa yake ni kuogelea bwawani angalau mara mbili kwa wiki katika miezi miwili ya mwisho, macho yakitazama sakafu ya bwawa na si mbele, maana kichwa kikiinuka miguu hushuka.

Tazama jinsi tarehe inavyokubali. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza mnamo Februari 8 na kumalizika takriban Machi 9, kutegemea mwandamo. Ukianza baada ya Idi una wiki 20 na ushei hadi Agosti, ambazo ni tosha kabisa kwa nusu. Masika yatakukuta katika wiki za mwanzo, wakati kazi bado ni nyepesi na unaweza kuifanyia bwawani au ndani ya nyumba. Kufikia Juni, wiki nzito zinapoanza, mvua imepungua na joto limeshuka. Shindano gani jingine litakaa vizuri hivyo?

Linganisha na Gqeberha, Afrika Kusini, mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, wenye Ironman kamili inayofanyika kwa kawaida Machi au Aprili. Mkenya hahitaji viza kuingia Afrika Kusini kwa siku 90 tangu Januari 2023, na kila mtu hulikimbilia shindano hilo kwa sababu hiyo. Lakini wiki zake nzito, ile ya 10 hadi ya 4 kabla ya siku yenyewe, zinaangukia Februari na Machi, kilele cha joto letu, na kwa miaka hii zinagongana na mfungo. Mwaka 2028 Ramadhani inatarajiwa kuanza Januari 28 au karibu na hapo na kwisha mwishoni mwa Februari. Anayefunga na kukimbilia Gqeberha mwaka huo anataka kufanya safari za baiskeli za kilomita 150 akiwa hajanywa tone, au azifanye usiku barabara ya Malindi kati ya malori. Yote mawili ni hatari. Kwake yeye heri Kalmar ya Uswidi mwezi Agosti, au Barcelona mapema Oktoba, ingawa viza ya Ulaya inataka uombe miadi miezi kadhaa mbele. Mfungo unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Ukifika 2031 utakuwa Desemba na Januari, na hapo Gqeberha itamfaa anayefunga. Mchezo huu ni wa miaka, kusubiri hakuharibu kitu.

Mwezi wenyewe wa Ramadhani usiwe wa kulala tu. Nguvu haipotei kwa wiki nne ukiilinda. Punguza saa za mazoezi hadi nusu au chini yake, lakini bakiza ukali kidogo: mara mbili kwa wiki, saa mbili baada ya futari au baada ya Tarawehe, fanya vipande vifupi vya dakika 3 mara 6 kwa kasi, ukipumzika dakika 2 kila kipande. Siku nyingine, dakika 40 za mwendo mwepesi zinazoishia Magharibi, ili tende na maji vikukute mlangoni. Mazoezi marefu ya mchana hapana. Bwawani nenda usiku, maana anayeogelea mchana humeza maji hata asipotaka. Na usingizi usiofika saa 6 kwa jumla ya usiku na mchana ni sababu tosha ya kuacha zoezi la siku hiyo.

Nije kwenye bahari, maana hapa ndipo ratiba za wageni zinapotupoteza zaidi. Zinasema tu: Jumamosi, ogelea kilomita 3 maji ya wazi, saa kumi na mbili asubuhi. Maji gani? Hapa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili hivi zinazofuata, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na kupwa kama saa nne asubuhi. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi ya bamvua, ukiingia Nyali au Bamburi, maji yanatoka kwa nguvu, na yanatokea kwenye mianya ya mwamba. Ukikaribia mwanya unaona mwani wa chini umelala wote upande mmoja kuelekea nje; hiyo ni ishara ya kugeuka mara moja. Saa moja na nusu baadaye umebaki unaogelea juu ya mawe yenye wale wadudu wa miiba meusi, kifua kikikwaruza.

Siku za maji mafu, wiki moja baada ya bamvua, mambo hugeuka. Kupwa ni kama saa kumi alfajiri, tena si kupwa kukubwa, na kujaa ni karibu saa nne. Saa kumi na mbili asubuhi maji yanaingia polepole, kina kinatosha, mkondo ni dhaifu. Basi weka kuogelea kurefu kwa asubuhi za maji mafu, na wiki ya bamvua nenda bwawani, au ingia baharini mnamo saa tisa unusu mchana maji yakikaribia kujaa, kama upepo unaruhusu. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50. Hii ina maana kwamba mzunguko wa wiki mbili wa bahari unaweza kuingizwa ndani ya ule mpangilio wa wiki nne bila kugombana nao: wiki mbili za maji mafu kila mwezi ndizo za kilomita nyingi.

Vaa boya la rangi kali kiunoni, maana boti na pikipiki za majini hazikuoni. Inua macho kila mikono minane kutafuta alama ya nchi kavu, iwe mnara wa msikiti au paa la hoteli, kwa kuwa asiyejizoesha huogelea kilomita 4.2 badala ya 3.8. Wakati wa kusi anza kwa kuelekea kusini ukipambana na wimbi, ili uchovu ukufike wakati wa kusukumwa nyumbani. Wakati wa kaskazi ufanye kinyume. Yavuyavu wakiwa wengi toka tu, hakuna ushujaa hapo.

Kasi yako ya maji ipime bwawani. Ogelea mita 400 kwa nguvu zako zote, pumzika dakika 10, kisha mita 200. Toa muda wa 200 katika muda wa 400, gawa kwa mbili. Kama 400 ni dakika 8 na sekunde 40, na 200 ni dakika 4 na sekunde 10, jibu ni dakika 2 na sekunde 15 kwa mita 100. Zoezi kuu ni 20 za mita 100 kwa kasi hiyo, pumziko la sekunde 15. Siku ya kilomita 3.8 ongeza sekunde 10 kwa kila mita 100, utatoka majini kwa saa 1 na nusu na dakika moja au mbili. Rudia kipimo kila wiki 6.

Anayekwenda kwenye maji baridi, Gqeberha ikiwemo, atavaa suti ya mpira. Maji yetu huwa nyuzi 25 hadi 29, na suti hiyo kwenye maji kama hayo hupandisha joto la mwili kwa hatari. Hata kanuni za Ironman humkataza mshiriki wa kawaida anayewania nafasi kuivaa maji yakizidi nyuzi 24.5. Ijaribu bwawani alfajiri, dakika 10 hadi 15, mara nne tano, kuzoea mabega yanavyobanwa. Paka mafuta ya mgando shingoni. Kidonda cha shingo cha kilomita 3.8 utakwenda nacho hadi mwisho wa siku.

Barabarani kanuni ya upepo ni ile ile: anza kinyume nao. Msimu wa kusi mtu huondoka Mtwapa kuelekea Kilifi akijiona bingwa, kilomita 35 kwa saa bila jasho, halafu anageuza na kugundua kwamba bingwa alikuwa upepo. Kusini mwa feri, barabara ya Ukunda kwenda Msambweni ni tambarare na ina nafasi alfajiri. Mlima tunao, ingawa watu husema hatuna: geuka Kombani upande Kwale, mji ulio karibu mita 400 juu ya bahari. Shindano lenye vilima likiwa ndilo uliloandikishia, panda huko mara mbili tatu kwa safari moja, umekaa kitini, gia nyepesi, bila kutweta.

Ukali wa baiskeli upimwe kwa mapigo ya moyo. Endesha peke yako dakika 30 kwa nguvu unazoweza kuzishikilia hadi mwisho, uchukue wastani wa mapigo wa dakika 20 za mwisho. Ukiwa 165, kilomita 180 ziendeshwe kati ya 132 na 145. Safari ndefu ya wiki ianze na saa 2 na nusu, iongezwe kwa dakika 20 au 30, ifike kilomita 150 hadi 170 mara tatu au nne, ya mwisho ikiwa wiki 3 kabla ya shindano. Ukishuka, mara moja kwa wiki, vaa viatu ukimbie dakika 20 hadi 30. Ni kuifundisha miguu kugeuza kazi tu, basi. Anayekimbia saa mbili baada ya baiskeli ya saa tano kila Jumamosi anajitafutia fundi wa mifupa. Mbio ndefu, siku yake nyingine, zisizidi saa 2 na nusu. Ukikimbilia ufukweni, subiri maji yapwe upate mchanga mgumu ulio sawa. Maji yakijaa unabaki na mteremko, mguu mmoja juu mmoja chini, na nyonga italalamika.

Chumvi ya hewa yetu hula baiskeli. Baada ya kila safari ipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha mnyororo, tia mafuta tone moja kila pingili, kisha futa yanayobaki nje. Skrubu za kiti na hendeli zifunguliwe na kupakwa grisi kila miezi mitatu, ama sivyo siku ya kusafiri fundi atazikata kwa msumeno. Pancha nyingi barabara ya Mariakani hazitoki kwenye misumari. Ni nyuzi za chuma kutoka tairi za malori zilizopasuka, nyembamba kama unywele. Ukibadilisha tyubu bila kupitisha kidole taratibu ndani ya tairi kuutafuta uzi huo, tyubu mpya nayo itakufa kilomita mbili mbele.

Joto ni adui na mwalimu. Mtu wa hapa hahitaji siku 10 hadi 14 za kuzoea joto kama mtu wa Ulaya, tayari analo. Tatizo letu ni kwamba mapigo hupanda saa ya pili ilhali mwendo haujaongezeka, na mwenye ratiba ya kasi hulazimisha. Fuata mapigo, acha kasi ishuke.

Jipime uzito bila nguo kabla na baada ya saa moja ya zoezi bila kunywa. Kilo moja iliyopotea ni lita moja ya jasho. Wengi wetu Februari hutoka jasho lita 1 hadi 1.5. Kinywaji hakihitaji kuagizwa kutoka nje: lita moja ya maji, vijiko vikubwa vitano vya sukari ambavyo ni kama gramu 60, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu moja. Sukari ya dukani ni glukosi na fruktosi nusu kwa nusu, na utumbo hupitisha kila moja kwa mlango wake, ndiyo maana hufaa. Fulana ikikauka na mistari meupe, panda hadi theluthi ya kijiko cha chumvi. Kunywa mililita 750 kwa saa upate gramu 45, ongeza ndizi moja mbivu yenye kama gramu 25 au tende ndogo tano, umefika 70 kwa saa. Lengo ni 60 hadi 90, na tumbo lifundishwe kwa wiki 8 kuvipokea. Siku ya shindano si siku ya kuonja kitu kipya. Mahamri na kashata ziachwe kwa chai ya baadaye, mafuta yake hukaa tumboni. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho hutoa sodiamu. Na anayemaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza, pete inambana kidole, kichwa kinauma, anataka kutapika, asipewe maji zaidi. Amekunywa maji matupu hadi chumvi ya damu imeshuka, na hapo ni hospitali.

Wiki 2 au 3 za mwisho punguza saa kwa theluthi, kisha kwa nusu, ukibakiza vipande vifupi vya kasi ili miguu isilale. Cheti cha homa ya manjano kwa Afrika Kusini huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usiende kuchanja wiki ya safari. Kwenye kufungasha baiskeli, kumbuka pedeli ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na ya kulia. Wengi wameharibu uzi wake usiku wa kuamkia ndege.

Naomba mambo mawili, Mhariri. Mkirudia kuchapisha ratiba ile, ile sentensi ya miaka miwili ya msingi ipandishwe juu, kwa herufi kubwa. Na karibu na nyakati za swala mnazochapisha kila siku, tiani saa za maji kujaa na kupwa za Mombasa. Ni mistari minne tu, na si waogeleaji peke yao watakaoisoma.

Mkufunzi wa kuogelea na baiskeli,
Kisauni, Mombasa